Baba hajui ana saratani, na hospitali inataka atie sahihi ya utafiti

Mshauri, shikamoo.

Baba yangu ana miaka 63, dereva wa lori mstaafu, na tunaishi Mombasa. Hajawahi kuvuta sigara. Mwaka jana alianza kukohoa, akaambiwa ni TB, akameza dawa miezi 6 na kikohozi kikabaki palepale. Mwezi uliopita pumzi zilimbana, wakamtoa maji kwenye pafu la kulia, na majibu ya maabara yakasema ni adenokasinoma ya mapafu, hatua ya nne.

Hospitali moja ya Nairobi imetuambia anaweza kuingizwa kwenye utafiti wa dawa zinazotolewa kwa pamoja: kemo ya carboplatin na pemetrexed, na juu yake dawa ya kingamwili kwa dripu. Tumepewa fomu ndefu na wiki mbili za kujibu. Kompyuta ndiyo itakayochagua nani apate kingamwili na nani asipate, na hata daktari hatajua. Ami yangu anasema huko ni kufanywa panya wa maabara, kwamba wengine hutiwa maji ya chumvi mpaka wanakufa. Kaka yangu aliye Muscat anasema tukubali upesi, maana dawa hiyo tukiambiwa tuinunue hatuiwezi.

Kuna jambo jingine. Baba hajui kuwa ni saratani. Tumemwambia ni maji yaliyobaki baada ya TB. Mimi ndiye kifungua mimba. Naweza kumtilia sahihi? Na jirani humchemshia mwarubaini kila asubuhi. Aendelee kunywa?

Binti wa Mzee, Mombasa

*

Marahaba, binti, na pole kwa kuuguza. Mungu ampe mzee afueni.

Tuanze na sahihi, kwa kuwa hapo ndipo mengine yote yatakapokwama. Huwezi kumtilia. Mtu mzima mwenye akili timamu hujisemea mwenyewe. Asiyejua kusoma husomewa fomu kwa lugha anayoielewa, akaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti. Fomu ya Kiswahili iombeni, na mna haki ya kuirudisha nyumbani mkaisoma polepole.

Na hata angepatikana wa kuipokea sahihi yako, jambo hili halifichiki. Kila baada ya wiki 3 mzee atakaa kwenye chumba cha kemo pamoja na wagonjwa wa saratani, na atatembea na kadi ya utafiti mfukoni. Usalama wake wenyewe utategemea yeye kusema, "Leo nimeharisha mara tano," au, "Jana usiku nilitetemeka." Anayedhani ana maji ya TB hatayasema hayo, atajikaza. Mwombeni daktari aliyeyasoma majibu akae naye, wewe na ami mkiwepo, aanze kwa kumuuliza mwenyewe anaufahamu vipi ugonjwa wake. Wazee wengi huwa wameshahisi zamani, wananyamaza ili wasiwatie watoto hofu.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote: uvimbe umepimwa jeni? Mzee ana adenokasinoma na hajawahi kuvuta sigara. Kwa watu wa namna hiyo, mabadiliko ya jeni ya EGFR au ALK hupatikana mara nyingi zaidi kuliko kwa wavutaji. Akiwa nayo, tiba inayoanza kwa kawaida ni vidonge vinavyolenga jeni hiyo, kama osimertinib kwa EGFR, na dawa za kingamwili za kundi la PD-1 (breki ya chembe za kinga ambayo dawa hizo huiachia) huwafaa kidogo sana wagonjwa hao. Utafiti mkubwa uliozithibitisha dawa hizi za kingamwili pamoja na kemo haukuwapokea kabisa watu wenye EGFR au ALK.

Mpangilio nao una hatari yake. Mgonjwa akianza na kingamwili, kisha EGFR ikaonekana baadaye akahamishiwa osimertinib mara moja, uwezekano wa mapafu kuvimba vibaya huongezeka, kwa sababu kingamwili bado imo mwilini. Kwa hiyo msitie sahihi ya kuanza dawa kabla majibu ya EGFR na ALK hayajarudi. Kutia sahihi ya kufanyiwa vipimo vya awali ni jambo tofauti, na halina ubaya.

Huenda wakasema kinyama cha kupima hakitoshi. Basi ulizeni yale maji yaliyotolewa kwenye pafu yalikwenda wapi. Maabara ya patholojia ikiyazungusha kwenye mashine, seli hutuama chini, zikagandishwa kwa nta kama kinyama cha kawaida, na hapo EGFR, ALK na PD-L1 (alama ya uvimbe inayosaidia kukadiria kama kingamwili itafaa) vyote vinaweza kupimwa iwapo seli za saratani ni nyingi. Kinachoharibu kazi ni sampuli kukaa kwenye formalini siku nyingi ikisubiri gari la kuipeleka Nairobi, DNA hukatikakatika. Maji yakimjaa tena, kabla hayajatolewa mwambieni daktari kwamba yanahitajika maabara, yasije yakamwagwa. Kipimo cha damu cha EGFR pia kipo. Kikionyesha mabadiliko, hayo ni ya kuaminika. Kikisema hakuna, hakijamaliza neno, kwani si kila uvimbe humwaga DNA ya kutosha kwenye damu.

Tuje kwa maji ya chumvi ya ami. Ana nusu ya habari. Kwenye utafiti wa namna hii maji ya chumvi huwekwa mahali pa kingamwili peke yake. Kemo, kila mtu huipata. Ndivyo ulivyokuwa utafiti wa KEYNOTE-189, uliochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 616 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, isiyo ya aina ya skwamasi (adenokasinoma ya mzee imo humo), walitiwa pemetrexed pamoja na carboplatin au cisplatin. Wawili kati ya kila watatu waliongezewa pembrolizumab, kingamwili ya kundi la PD-1, wa tatu akaongezewa chupa ya maji ya chumvi. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai ni takriban 69 katika kila 100 waliopata kingamwili, na 49 katika kila 100 waliopata kemo pekee. Uvimbe ulinywea vya kutosha kwa kama 48 katika 100 upande mmoja, na 19 upande wa pili. Miaka mitano baadaye waliobaki hai walikuwa kiasi cha 19 na 11 katika 100. Faida hiyo ni kubwa, lakini si kupona, na asije mtu akakuuzia kuwa ni kupona.

Na kwa sababu majibu hayo yapo tangu 2018, mna haki ya kumbana mtafiti kwa swali moja: kwa nini leo kundi la pili linapewa kemo pekee? Huenda akajibu kwamba kingamwili inayojaribiwa ni mpya, au kwamba tiba inayopatikana kwa umma hapa nchini ni kemo tu kwa sababu ya bei. Jibu la namna hiyo linaweza kukubalika na kamati ya maadili, ila lisikikeni kwa masikio yenu. Kisha ulizeni: uvimbe ukikua, siri itafunguliwa ili mzee apewe kingamwili iwapo alikuwa kundi la maji? Katika KEYNOTE-189 hilo liliruhusiwa. Utafiti usioruhusu, sisi tungesitasita.

Uhalali wa utafiti hukaguliwa kwa dakika chache. Kila utafiti wa dawa nchini Kenya hupita kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa, Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kwenye fomu tafuteni namba ya usajili inayoanza na PACTR (daftari la tafiti la Afrika) au NCT (daftari la Marekani), muiandike kwenye intaneti, mwone kama jina la dawa, awamu ya utafiti na hospitali vinalingana na mlivyoambiwa. Awamu ya 3 inalinganisha tiba mpya na iliyozoeleka. Awamu ya 1 bado inatafuta kipimo salama. Ami akisema panya wa maabara, hofu yake inaelekea zaidi awamu ya 1, na hata huko panya haulizwi.

Mkikubali, vipimo vya kuingilia ni vingi: CT ya kifua na tumbo, picha ya ubongo, damu, figo, ini, HIV, homa ya ini B. Msishtuke. TB iliyo hai humzuia mtu kuingia, hivyo mzee aliyemeza dawa miezi 6 atatakiwa kutoa makohozi au yale maji ili ithibitike kwamba hana, au kwamba hakuwahi kuwa nayo. Bebeni kadi ya kliniki ya TB na filamu zote za zamani. Angalizo moja: wenye kubanwa na pumzi mara nyingi huuziwa prednisolone dukani. Tafiti nyingi za kingamwili hazimpokei anayemeza zaidi ya miligramu 10 kwa siku, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza nguvu za kinga ambayo kingamwili inataka kuiamsha. Kama anaimeza, semeni, wala asiikate ghafla.

Pemetrexed huandaliwa wiki nzima kabla, na hapa ndipo familia nyingi huteleza kwa kudhani ni vitamini tu za kumpa hamu ya kula. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 hadi 1,000 kila siku, huanza siku 7 kabla ya dripu ya kwanza na huendelea mpaka siku 21 baada ya dozi ya mwisho ya pemetrexed. Sindano ya vitamini B12, mikrogramu 1,000, huchomwa wiki moja kabla, kisha kila baada ya wiki 9. Akiruka hayo, vidonda vya mdomo na kuporomoka kwa chembe za damu huwa vikali zaidi. Vidonge vya foliki vilivyojaa kwenye maduka ya dawa ni vya miligramu 5, yaani mikrogramu 5,000, mara 5 ya kiwango cha juu. Msinunue wenyewe, chukueni cha utafiti. Dexamethasone miligramu 4 mara mbili kwa siku humezwa siku moja kabla ya dripu, siku yenyewe, na siku inayofuata, ili ngozi isipate vipele. Hiyo haihesabiwi kuwa kosa kama prednisolone ya dukani.

Siku ya dripu, mzee avue koti na viatu kabla hajapanda mizani. Dozi ya carboplatin hukokotolewa kwa utendaji wa figo, na figo mara nyingi hukadiriwa kwa umri, uzito na kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja. Kanuni ni hii: namba ya lengo, mara nyingi 5, zidisha kwa utendaji wa figo ukijumlisha 25. Utendaji wa figo ukiwa 75, inakuwa 5 mara 100, yaani miligramu 500. Uzito wa zamani ukinakiliwa toka kwenye faili wakati mtu ameshapungua kilo 10, figo zitaonekana nzima kuliko zilivyo na dozi itazidi. Muulize muuguzi uzito ulioandikwa leo; hatakasirika.

Kwanza hutangulia kingamwili au maji, kama nusu saa, halafu pemetrexed dakika 10, halafu carboplatin. Kemo ya platini huwa duru 4. Baadaye pemetrexed na kingamwili huendelea kila wiki 3. Katika utafiti tuliotaja, kingamwili iliweza kufika duru 35, karibu miaka miwili.

Maumivu ya kifua yasitibiwe kwa diclofenac wala ibuprofen ya dukani. Figo zikiwa zimepungua nguvu, dawa hizo huzuia pemetrexed kutoka mwilini, na zinatakiwa ziepukwe tangu siku 2 kabla ya dripu hadi siku 2 baada yake. Figo ni eneo la kuangalia hata pasipo diclofenac: katika KEYNOTE-189 waliopata jeraha la ghafla la figo walikuwa kiasi cha 5 katika 100 upande wa kingamwili, na chini ya 1 upande wa pili.

Kuhusu homa, tusikilize vizuri. Pwani mtu akipata joto hupimwa malaria, akanunua dawa, akalala. Mgonjwa wa kemo hana muda huo. Chembe nyeupe hushuka, hasa wiki ya 2 na ya 3 baada ya dripu, na maambukizi ya bakteria yanaweza kumuua ndani ya siku moja. Nunueni kipimajoto. Kikisoma 38.0 au zaidi, aende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Yuko kwenye kemo." Antibayotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja, malaria ipimwe wakati huohuo, isitangulie. Na asipewe Panadol kabla hamjapima joto, kwani itashusha homa na kuwaficha kinachoendelea.

Madhara ya kingamwili ni habari nyingine. Dawa hii haiui saratani yenyewe. Inaachia breki ambayo uvimbe umeikanyagia askari wa mwili, na askari walioachiwa breki wanaweza kuvamia hata kiungo kizima. Huweza kutokea wiki kadhaa au miezi baada ya dripu, hata baada ya dawa kusimamishwa. Kwa nchi zetu hatari iko kwenye kufananisha. Kuharisha kunaitwa ameba, mtu anapewa metronidazole na dawa ya kufunga tumbo, kumbe utumbo umevimba kwa sababu ya dawa na unaweza kutoboka. Kikohozi kipya kinaitwa TB imerudi, au nimonia, kumbe pafu limevimba na kinachotakiwa ni steroidi za kipimo kikubwa upesi. Mzee mwenye historia ya TB ndiye hasa anayeweza kuangukia kosa hilo.

Basi mwekeeni mipaka ya kupiga simu siku hiyohiyo: kwenda choo mara 4 zaidi ya kawaida yake kwa siku, au kuona damu, kukohoa au kuhema kuliko jana, macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai, kiu na kukojoa kupita kiasi, upele unaoenea. Uchovu mzito pamoja na kuhisi baridi na choo kigumu mara nyingi ni tezi ya thairoidi shingoni. Hiyo hutibiwa kwa kidonge na dripu huendelea. Akianzishiwa steroidi, zitapunguzwa taratibu kwa wiki 4 au zaidi. Kuziacha siku alipopata nafuu hurudisha uvimbe wa utumbo au pafu, pengine mkali kuliko wa kwanza.

Mwarubaini usimame. Mara nyingine vipimo vya ini hupanda kwa kemo, mara nyingine kwa kingamwili, na kila moja ina tiba yake. Kikombe cha dawa ya miti kikiwa katikati, daktari hana namna ya kujua ni nani aliyeliumiza, na utafiti utalazimika kusimamisha dripu zote. Mshukuruni jirani, mwambieni ampikie uji.

Pia mjue maana ya kujitoa. Mzee anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na haruhusiwi mtu kumnyima tiba ya kawaida kwa ajili hiyo. Lakini pembrolizumab huchukua kama siku 22 kupungua nusu mwilini. Aliyejitoa leo bado anaibeba kwa miezi, hivyo kadi aendelee kuwa nayo na mipaka ya kupiga simu ibaki ileile.

Usomapo majibu ya CT, usitafute neno "imeisha". Watafiti hujumlisha upana wa vimbe walizochagua: zikipungua asilimia 30 huitwa kuitikia, zikiongezeka asilimia 20 huitwa kukua, na katikati ni kutulia. Kwa saratani ya hatua ya nne, kutulia ni habari njema. Msije mkamtoa mtu kwenye dawa inayomfaa eti uvimbe haujaondoka.

Kaka wa Muscat ana hoja ya bei, nasi hatumkatalii. Mdhamini kwa kawaida hulipia dawa ya utafiti na vipimo vya ziada. Visivyo wazi ni kulazwa kwa sababu ya madhara, dawa za nyumbani, nauli na malazi. Kila kimoja kiulizeni, na jibu lionekane kwenye fomu: bima ya utafiti inafidia nini mzee akidhurika, na utafiti ukifungwa huku dawa inamfaa, ataendelea kuipata? Ahadi ya mdomo haina thamani siku mtafiti akihamishwa.

Pesa ya kaka tungeielekeza kwanza kwenye chumba Nairobi karibu na hospitali kwa duru ya kwanza, wiki 3 kamili, ili homa ya kwanza isimkute barabarani Mtito Andei. Baadaye mkirudi Mombasa, mnahitaji barua ya utafiti inayotaja dawa anazoweza kuwa amepewa, hospitali ya Mombasa iliyokubali kumpokea usiku, na namba ya daktari wa zamu wa utafiti. Ipigeni namba hiyo saa nne za usiku kabla ya kutia sahihi. Isipopokewa, na wakashindwa kuwaeleza ni kwa nini, kemo ya kawaida hapo Mombasa chini ya daktari mnayemfikia ni salama zaidi kwa mzee kuliko kingamwili isiyo na mtu wa kuisimamia.